Ritani ya KRA ni bure: mwanafunzi, usilipie mlango ulio wazi

Msomaji wa Mombasa akisikia Bondeni, fikira zake huenda kwenye Bondeni ya kisiwani. Bondeni ninayoandikia leo ni ya Nakuru, mtaa wa zamani ulio karibu na katikati ya mji, wenye msikiti, madrasa na watu wa asili nyingi wanaoelewana kwa Kiswahili. Ninalolisema hapa lakini linamhusu kijana wa Bondeni zote mbili, na wa Majengo, Kisauni, Malindi, Lamu na Msambweni. Sheria ni moja na tarehe ilikuwa moja: Jumatatu, 30 Juni 2025.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho kwa kila mtu mwenye PIN ya KRA kuwasilisha ritani ya ushuru ya mwaka 2024. Kila ifikapo Juni, saiba za mtaani kwetu hujaa vijana wa vyuo. Wapo wa Egerton, wa Kabarak, wa vyuo vya ufundi, na wapo waliomaliza kidato cha nne na hawajaenda popote bado. Wanapanga foleni wakiwa na shilingi mia mbili hapa, mia tatu pale, ili mtu awabonyezee vitufe vitano. Baada ya dakika chache wanatoka na karatasi.

Simlaumu mwenye saiba. Ana kodi ya chumba, ana bili ya stima, na kazi anayoifanya ni halali. Ninachotaka kijana na mzazi wake wakifahamu ni kwamba pesa ile haiendi serikalini. KRA haitozi hata senti moja kupokea ritani. Unachonunua ni msaada, na msaada huo upo bure ukijua pa kuutafuta.

Kwa nini mwanafunzi asiye na kitu aandikiwe ushuru?

Swali hili huulizwa na wazazi, na wana haki ya kuuliza. Mtoto hana kazi, chakula anatumiwa kwa M-Pesa, ushuru ni wa nini?

Jibu ni kwamba kulipa ushuru na kuwasilisha ritani ni mambo mawili. Ritani ni taarifa tu. Ni wewe kuiambia KRA mwaka uliopita ulipata nini, hata kama jibu ni sifuri. Mtu akishachukua PIN yenye wajibu wa ushuru wa mapato, anatakiwa kutoa taarifa hiyo kila mwaka kati ya 1 Januari na 30 Juni. Na siku hizi ni vigumu kijana kuishi bila PIN. Huombwa kwenye mambo ya mkopo wa masomo, huombwa benki anapofungua akaunti, huombwa na mwajiri hata kwa kazi ya miezi miwili.

Asiyewasilisha kwa wakati hutozwa faini. Kwa mtu binafsi faini hiyo ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Mwanafunzi asiyedaiwa ushuru wowote anaangukia kwenye zile 2,000. Hiyo ni faini ya mwaka mmoja. Aliyechukua PIN mwaka 2020 akasahau ritani za 2020, 2021 na 2022 ana faini ya shilingi 6,000 kabla hajapata mshahara wake wa kwanza.

Faini hizi hazibishi hodi mlangoni. Hukaa kimya ndani ya akaunti ya iTax mpaka siku kijana anapoitwa kazini. Waajiri wengi, hasa serikalini, huomba cheti cha KRA cha kuonyesha kwamba mtu hana deni la ushuru wala ritani iliyobaki. Ni moja ya zile karatasi zinazodaiwa pamoja na cheti cha polisi cha tabia njema na barua ya HELB. Cheti hicho hakitoki kama kuna ritani haijajazwa. Hapo ndipo familia huanza kuchangishana ili kuziba kitu ambacho kingezibwa bure miaka mitatu nyuma. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawajua pia vijana wanaosema hawataki kusikia habari za KRA. Juni 2024 walikuwa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha wa 2024, na machungu yale hayajaisha. Mimi sitawaambia wafurahie ushuru. Nawaambia tu kwamba kutojaza ritani hakumpunguzii yeyote serikalini usingizi. Faini inaandikwa kwa jina lako.

Nani anajaza mwaka huu na nani hajazi

Jambo hili halisemwi vya kutosha, na watu hulipia saiba kwa kazi isiyohitajika.

Kama ulichukua PIN mwaka 2024 au kabla, ulitakiwa kujaza ritani ya mwaka 2024 kufikia 30 Juni 2025. Hata kama uliichukua Disemba 2024, mwaka huo umekuhesabu.

Kama ulichukua PIN mwaka 2025, hukuwa na ritani ya kujaza Juni ile. Ya kwanza kwako ni ya mwaka 2025, ya kujazwa kati ya Januari na Juni 2026. Ukiambiwa ulipe ujaziwe kabla ya wakati wako, jibu ni ahsante, bado.

Mkopo wa HELB si kipato, ni deni. Pesa za matumizi anazokutumia mama si kipato chako pia. Mwanafunzi aliyeishi mwaka mzima kwa mkopo na kwa msaada wa wazazi, bila kazi wala biashara, anajaza ritani ya sifuri.

Njia za kujaza bila kulipa

Ya kwanza ni tovuti ya iTax yenyewe, itax.kra.go.ke. Unaweza kuifungua kwenye simu janja ingawa kompyuta ni rahisi zaidi. Kama chuo chako kina maktaba yenye kompyuta, nenda huko, maana hata bando hutalipia. Unaingiza PIN, halafu nenosiri, halafu unajibu hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa inayowekwa ili kuhakikisha wewe ni binadamu. Ukishaingia, tafuta juu palipoandikwa "Returns", kisha "File Nil Return". Chagua aina ya ushuru kuwa ya mapato ya mkazi. Kwa ritani ya mwaka 2024, kipindi ni 1 Januari 2024 hadi 31 Disemba 2024. Bonyeza kutuma.

Usifunge ukurasa hapo. Utapewa risiti ya kupokelewa, na pia hutumwa kwa barua pepe. Ipakue uihifadhi mahali pawili, kwenye simu na kwenye barua pepe. Hiyo ndiyo hoja yako siku mtu akisema hukujaza.

Ya pili ni programu ya simu ya KRA iitwayo M-Service. Unaipakua bure, na ndani yake kuna sehemu ya ritani ya sifuri. Kwa kijana mwenye simu janja na bila kompyuta, naona hii ndiyo nyepesi kuliko zote.

Ya tatu ni kwenda kwa miguu. Maafisa wa KRA wapo katika ofisi zao na katika vituo vya Huduma, Nakuru mjini na pia Mombasa na miji mingine ya pwani. Chukua kitambulisho na simu yako, mwambie afisa unataka kusaidiwa kujaza ritani. Hakuna malipo. Ubaya wake ni foleni, na kadiri tarehe 30 inavyokaribia ndivyo foleni inavyozidi kuwa ndefu. Anayekwenda mapema atamaliza mapema kuliko anayengoja siku ya mwisho, siku ambayo hata tovuti yenyewe huwa nzito.

Ya nne ni kupiga simu. Nambari za KRA za huduma ni 020 4 999 999 na 0711 099 999. Utalipia muda wa maongezi tu, na kwa swali dogo kama nenosiri lililokwama inaweza kukuokolea nauli.

Tatizo la barua pepe isiyokuwa yako

Vijana wengi ninaowasaidia hapa mtaani hawashindwi na ritani. Wanashindwa kuingia. PIN ilitengenezwa saiba miaka minne iliyopita, na aliyeitengeneza aliweka barua pepe yake mwenyewe, au akafungua mpya asimpe mwenyewe nenosiri. Sasa kila ukiomba nenosiri jipya linatumwa kwa mtu usiyemjua, na kila mwaka lazima urudi kwa mtu huyo huyo.

Hilo likikukuta, usitengeneze PIN ya pili. Mtu mmoja ana PIN moja maisha yake yote. Nenda ofisi ya KRA au kituo cha Huduma na kitambulisho chako halisi, uombe barua pepe ibadilishwe iwe yako. Hilo nalo ni bure. Ukishaipata, badilisha nenosiri siku hiyo hiyo.

Na ukilazimika kutumia kompyuta ya watu, hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla hujainuka. Usikubali kompyuta ihifadhi nenosiri. PIN, nenosiri na nambari ya kitambulisho zikikutana mikononi mwa mtu mmoja, ameshika funguo za nyumba yako.

Sifuri si ya kila mtu

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu ndipo msaada wa haraka unapoharibu mambo. Mwenye saiba aliye na watu ishirini nyuma yako hakuulizi kama ulifanya kazi. Anakujazia sifuri, anachukua pesa, anaita mwingine.

Ritani ya sifuri ni ya mtu asiyepata kipato chochote mwaka mzima. Kama ulifanya kazi likizo kwenye shamba la maua Naivasha, au dukani, au hotelini Diani, mwajiri wako amepeleka habari zako KRA. Ukisema sifuri, rekodi zako zinapingana na za mwajiri, na aliyetia saini ni wewe. Mwombe mwajiri fomu ya P9, inayoonyesha alikulipa kiasi gani na alikukata kiasi gani. Kwa fomu hiyo unajaza ritani ya mapato ya ajira.

Na kusema kweli mara nyingi hakukugharimu kitu. Kiwango cha chini cha ushuru ni asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za mwanzo za mwaka, yaani 24,000 kwa mwezi. Asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800. Sheria nayo inampa kila mkazi nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka, ambayo ni 2,400 kwa mwezi. Toa moja kwa nyingine, inabaki sifuri. Kwa hivyo kijana aliyepata chini ya 288,000 mwaka mzima, kwa mshahara au kwa kuuza viazi karai na nguo za mitumba, anaweza kutaja kipato chake chote na asidaiwe ushuru wa mapato. Hana sababu ya kuficha.

Wengine huenda wanadai. Chukua kijana aliyefanya kazi miezi mitatu kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Tuache kando NSSF na makato mengine. Kila mwezi mwajiri alimhesabia kana kwamba atafanya kazi mwaka mzima: 24,000 za mwanzo kwa asilimia 10, na zile 6,000 zilizozidi kwa asilimia 25. Lakini mwaka ulipokwisha, kipato chake chote kilikuwa 90,000, na kiasi hicho chote kiko ndani ya daraja la asilimia 10. Baada ya nafuu ya 2,400 alikatwa 1,500 kila mwezi, jumla 4,500, ilhali kwa nafuu ya mwaka mzima hakudaiwa kitu. Hizo ni shilingi 4,500 anazoweza kuzidai zirudishwe, na njia ya kuzidai huanzia kwenye ritani iliyojazwa sawasawa. Aliyejaziwa sifuri ameziacha huko.

Ritani ya namna hii ina kurasa zaidi, na hapo sitamwambia mtu ajibahatishe. Beba P9 yako uende kwa maafisa wa KRA. Wapo kwa kazi hiyo na hawatozi.

Wenye madeni ya nyuma: mlango ulifungwa tarehe hiyo hiyo

Kulikuwa na msamaha wa faini na riba kwa vipindi vya ushuru vya hadi 31 Disemba 2023. Ulianza kwa Sheria ya Fedha ya 2023, ukaisha Juni 2024, kisha ukarejeshwa kwa marekebisho ya sheria mwishoni mwa 2024. Mwisho wake ulikuwa 30 Juni 2025.

Sharti lake lilikuwa kwamba umelipa ushuru wenyewe unaodaiwa kwa vipindi hivyo. Mwanafunzi aliyekuwa hana kipato hana ushuru wa kulipa. Alichobakisha ni ritani, na faini iliyotokana nazo. Basi aingie iTax, ajaze ritani zilizobaki akianza na mwaka wa zamani zaidi na kupanda, kisha aje kwenye mwaka wa karibuni. Baada ya hapo aangalie kwenye akaunti yake kama faini za zamani bado zinaonekana. Zikiwa zipo, achukue risiti zake aende ofisini.

Ukitokea mtu akuambie atakuondolea faini kwa "mjuano" na umpe nusu yake, kataa. Msamaha ule uliandikwa katika sheria na haukuuzwa na mtu yeyote.

Msaada tunaoweza kuutoa wenyewe

Marekani wana mpango uitwao VITA, wa kujazia watu wenye kipato kidogo ritani zao bila malipo. Ulianza mwaka 1969 kwa mwalimu na wanafunzi wake wa uhasibu katika chuo kimoja huko Northridge, California. Leo unafanya kazi nchi nzima, kwenye maktaba, vyuo na kumbi za mitaa, na wanaohudumu ni watu wa kujitolea waliopewa mafunzo. Ndugu zetu walio huko na kipato chao ni cha chini wautafute kabla ya kumlipa mtu.

Sisi hatuhitaji kungoja mpango wa taifa. Kila mtaa una mwanafunzi wa uhasibu au wa kompyuta aliyeshajaza yake kwa dakika kumi. Kila mtaa una darasa la madrasa lisilotumika Jumamosi alasiri, au ukumbi wa kanisa, au ofisi ya kikundi cha akina mama. Meza moja, simu mbili zenye bando na tangazo baada ya swala ya Ijumaa vinatosha. Masharti yawe matatu. Mwenye PIN aandike nenosiri lake mwenyewe, asilitaje kwa sauti. Kila mmoja aulizwe kwanza kama alipata kipato mwaka wa ritani. Na mwenye P9 au biashara asijaziwe sifuri, bali aelekezwe ofisi ya KRA.

Hapa Bondeni nimeshawaomba vijana wawili wa chuo tukae nao Jumamosi mbili. Naomba maimamu, wachungaji, walimu na viongozi wa vikundi huko pwani wafanye vivyo hivyo. Wakisaidia vijana thelathini, hizo ni shilingi 60,000 za faini ambazo mtaa haukulipa, na shilingi nyingine elfu kadhaa ambazo hazikwenda saiba.

Mzazi unayesoma haya na mtoto yuko chuoni, mpigie leo. Muulize maswali matatu: PIN uliichukua mwaka gani, nenosiri unalo, na mwaka jana ulifanya kazi popote? Majibu hayo ndiyo yatakayowaonyesha ni njia ipi kati ya hizi aifuate.